Pundamilia wetu anafanya nini kwenye vijumba vya mizimu vya Bangkok?

#1 Mguu Niponye

Wakuu, salaam.

Niko Bangkok wiki ya pili sasa kwa shughuli za kikazi. Jioni na alfajiri nautembea mji huu kwa miguu, maana ndani ya gari unaona foleni tu. Nimeanzia soko la maua la Pak Khlong Talat, pale wanauza usiku na mchana, magunia ya maua ya rangi ya manjano yamepangwa mpaka barabarani. Kutoka hapo nikaingia Wat Pho kumwona Buddha aliyelala. Ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimepambwa kwa magamba ya chaza, alama 108. Nyuma yake kuna bakuli 108 za shaba nyeusi, watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, na ule mlio unajaza jengo zima. Nilisimama pale muda mrefu bila kupiga hata picha.

Ila kilichonileta hapa jukwaani ni kingine. Mbele ya karibu kila jengo, iwe benki, gereji, hoteli au kituo cha mafuta, kuna kijumba kidogo kimesimama juu ya nguzo. Ndani wamepanga vinyago vya wazee, maua, vijiti vya udi, na soda nyekundu iliyofunguliwa ikatiwa mrija kabisa, kama vile kuna mtu anakuja kunywa.

Juzi nikashuka treni ya chini kituo cha Lat Phrao, nikafuata barabara ya Ratchadaphisek kwa miguu. Kwenye kona iliyo karibu na mahakama ya jinai nikakuta PUNDAMILIA. Sanamu zake, tena nyingi hata sikuweza kuzihesabu. Wengine wadogo kama kidole, wengine wananifika kiunoni, wameelekezwa wote barabarani. Picha nimeiweka hapa.

Thailand haina pundamilia. Porini mnyama huyu yuko Afrika peke yake. Alifikaje kwenye ibada za watu hawa, na anaombwa nini? Mwenye kujua anieleze, nimekosa usingizi.

#2 Kaka wa Msamvu

Mkuu umepanda ndege kwenda kushangaa pundamilia, na Mikumi basi linapita katikati yao? 😂

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

#3 Dalali wa Silom

Mguu Niponye, karibu mjini. Mimi nakuja huku kwa biashara ya mawe ya thamani mwaka wa kumi na moja sasa, nashukia upande wa Silom.

Hiyo kona uliyopita wenyeji wanaiita kona ya maiti mia. Ajali zimekuwa nyingi pale. Kithai pundamilia ni *ma lai*, yaani farasi mwenye milia, na kile kivuko cha mistari myeupe barabarani wanakiita *thang ma lai*, njia ya pundamilia. Kwa hiyo mtu anamweka pundamilia ili roho za mahali pale zimvushe salama. Umemaliza swali lako, kalale.

#4 Kaka wa Msamvu

Kumbe! Na sisi si tunasema "vukia kwenye zebra"? Wazo ni lile lile.

#5 Wambui wa Posta

#3 nakupa shukrani lakini hapo sijaridhika. Nilikaa Bangkok miezi minne nikimuuguza mama mkubwa. Kijumba kilichokuwa nyuma ya jengo letu kilikuwa ndani ya kichochoro kisicho na njia ya kutokea, gari haliingii, na pundamilia walikuwepo sita. Hapo walikuwa wanamvusha nani?

Nilimuuliza mama aliyekuwa akifagia pale. Alinionyesha na farasi na tembo waliokuwa pembeni. Nilivyomwelewa ni kwamba yule mwenye ardhi anayekaa mle ndani ni mheshimiwa, na mheshimiwa hatembei kwa miguu. Unampa wahudumu, unampa kipando. Zamani walimpa farasi na tembo, siku hizi dukani kuna pundamilia, anapendeza zaidi, basi anapewa huyo.

#6 Mguu Niponye

Wambui, hii inaingia akilini, kwa sababu hata pale Ratchadaphisek walikuwepo farasi wachache. Na vinyago vya watumishi nimeviona, vingine vina wacheza ngoma kabisa.

#7 Shangazi Vitenge

Habari zenu wanangu. Mimi nilikuwa nafuata nguo Pratunam enzi zile, tunalala watu wanne chumba kimoja. Pale karibu, njia panda ya Ratchaprasong, kuna yule Buddha wa nyuso nne, anaitwa Erawan. Nilikuwa nasimama kila jioni kuangalia. Watu wanaweka tembo wa mbao, wengine wanalipia wale wasichana wa ngoma wawachezee, kwa sababu waliomba kitu wakakipata. Nadhani pundamilia ni hivyo hivyo. Ni NADHIRI. Mmoja aliomba namba za bahati nasibu, akaahidi pundamilia, akashinda. Wenzake wakasikia. Kesho yake wako ishirini.

#8 Mwalimu Jiografia

Shangazi shikamoo. Nakusahihisha kidogo kwa heshima: yule wa Erawan si Buddha, ni Brahma, mungu wa Kihindu, Wathai wanamwita Phra Phrom. Waliliweka madhabahu lile mwaka 1956 wakati hoteli ya pale inajengwa na ajali zikawa zinafuatana. Mwaka 2006 mtu mmoja aliivunja sanamu kwa nyundo, ikatengenezwa upya. Na tarehe 17 Agosti 2015 bomu lililipuka pale pale, likaua watu 20. Siku chache baadaye waumini walikuwa wamerudi na maua yao.

Na tutofautishe maneno. *Wat* ni hekalu lenye watawa na makazi yao. Kijumba na madhabahu ya barabarani ni *san*, hakina watawa. Mguu Niponye aliyoyaona Ratchadaphisek si ya hekalu wala si mafundisho ya Buddha, ni imani ya roho za ardhi iliyokuwepo kabla, na Uhindu umeingia humo. Mtu yule yule asubuhi anampa mtawa chakula, mchana anamfukizia udi mwenye ardhi, na haoni mgongano wowote.

#9 Shangazi Vitenge

Marahaba mwanangu. Asante, nilikuwa nimekosea miaka yote hiyo. Ila nadhiri nasimama nayo.

#10 Dalali wa Silom

Shangazi yuko sawa kuhusu nadhiri kwa jumla. Wana neno lake, *kae bon*, maana yake kuondoa nadhiri. Kila mwenye madhabahu ana anachokipenda: majogoo kwa mfalme Naresuan kwa sababu ya hadithi za yeye kupiganisha majogoo, na yule Mae Nak wa Phra Khanong, mke aliyekufa kwa uzazi, analetewa magauni na vipodozi. Hata televisheni huwa wanamwashia. Vijana wanaenda kwake wakiomba wasichaguliwe jeshini.

Lakini ukisema nadhiri hujajibu kwa nini PUNDAMILIA. Yule wa kwanza aliyeahidi, alimwahidi pundamilia kwa nini, wala si ng'ombe? Inarudi kwenye kivuko.

#11 Wambui wa Posta

Kivuko, kivuko! Na kichochoro changu je?

#12 Bin Shangani

Assalaam alaikum. Nimeusoma uzi huu kwa raha. Mimi nashikwa na hilo neno "vijumba vya mizimu". Kwetu kusini Unguja mzimu ni mahali. Ni pango au mbuyu, ndipo penye wenyewe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipeleka ubani na marashi pangoni, na vitambaa vikifungwa, vyekundu na vyeupe. Masheikh walikuwa wanakemea, yeye anaitikia, na siku ya siku anakwenda. Mguu Niponye, hebu angalia, miti yao nayo inafungwa vitambaa?

#13 Mguu Niponye

Bin Shangani, waalaikum salaam. INAFUNGWA! Mti mkubwa pale Ratchadaphisek umevishwa vitambaa vya rangi rangi kiunoni kama mtu aliyejifunga khanga. Chini yake kulikuwa na vijumba vibovu vilivyotelekezwa, vimepasuka. Nikadhani ni uchafu.

#14 Dalali wa Silom

Si uchafu. Kijumba cha zamani hakitupwi jalalani, mtu anaogopa. Anakipeleka chini ya mti mkubwa au pembeni ya hekalu, kiozee hapo. Na kipya hakisimamishwi ovyo, anaitwa mtaalamu achague siku na mahali. Sharti mojawapo ni kwamba kivuli cha nyumba yako kisikiangukie. Ndiyo maana maghorofa mengine kijumba wamekipandisha juu ya paa.

#15 Kaka wa Msamvu

Sasa soda nyekundu nayo? Mbona mmeiruka? Au mizimu ya Bangkok ina kiu?

#16 Mwalimu Jiografia

Niliyosikia mimi ni kwamba zamani ilikuwa damu ya mnyama. Kuchinja kukapungua, rangi ikabaki.

#17 Shangazi Vitenge

Mimi niliambiwa na mwenye duka wa Kichina kule Sampeng kwamba nyekundu ni heri tu. Mlango mwekundu, bahasha nyekundu, soda nyekundu. Hakuna damu wala nini.

#18 Wambui wa Posta

Jirani yetu yeye alikuwa na sanamu ya mtoto wa dhahabu ndani ya nyumba, Kuman Thong. Huyo ni roho ya mtoto, analetewa vya kuchezea na soda nyekundu, kwa sababu mtoto yeyote anapenda sukari. Aliniambia wazi kwamba wa nje anapewa kwa mazoea tu, wa ndani ndiye anayeitaka.

#19 Dalali wa Silom

Na wanayo *nam daeng*, maji mekundu ya sukari, ya tangu kabla hizi chupa. Mimi naamini soda imechukua nafasi ya hiyo. Damu siiamini, Mwalimu, samahani. Ingekuwa damu wasingeweka mrija.

#20 Mwalimu Jiografia

Mrija ni adabu ya kumkaribisha mgeni, hauthibitishi wala haukanushi. Lakini nakubali kwamba sijamwona mwenyeji anayesema damu kwa uhakika. Huwa wanasema "inasemekana".

#21 Mwana wa Kunduchi

Wakuu, naomba kuuteka uzi kidogo. Mguu Niponye, umevuka mto kwenda Wat Arun? Kama bado, kesho panda kivuko gati ya Tha Tien, ni dakika chache tu. Mnara wote umefunikwa vipande vya kauri za Kichina na makombe ya baharini. Ukisogea unaona kabisa hiki ni kipande cha sahani, hiki ni mdomo wa bakuli, vimekatwa vikawa petali za maua. Nililia pale, sitanii. Nimekulia karibu na magofu ya Kunduchi, yale makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Na Mambrui kule Kenya yapo. Bahari moja, sahani zile zile, wazee wa pande mbili wakawaza kitu kimoja: chombo kizuri usikifungie kabatini, kipachike ukutani mahali patakatifu.

#22 Mguu Niponye

Nimeenda leo alasiri kwa sababu yako, nimerudi sasa hivi. Sina maneno. Ngazi ni za mwinuko mkali, unashuka umegeuka mgongo kama unashuka mnazi. Nimepiga picha ya ua moja, katikati yake kuna kitako cha kikombe, bado kina michoro ya bluu.

Ila mlinzi na kitabu cha kuongoza wageni wanapishana. Kimoja kinasema kauri zililetwa kama farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, kwenye majahazi ya kutoka China, zikashushwa hapa. Kingine kinasema Mfalme Rama wa Tatu aliomba raia walete vyombo vyao vilivyovunjika.

#23 Mwana wa Kunduchi

Farumi ndiyo. Jahazi likija na mzigo mwepesi lazima litiwe uzito tumboni, ama sivyo linapinduka.

#24 Bin Shangani

Ndugu yangu, baba yangu alikuwa nahodha. Farumi ni mawe, ni mchanga, kitu usichokionea huruma kukimwaga. Sahani ni bidhaa. Zilikaa chini kwa sababu ni nzito na hazidhuriki na maji, lakini mwenyewe alizihesabu moja moja! Zilizovunjika njiani ndizo zilizopelekwa hekaluni, hilo nakubali.

#25 Mwana wa Kunduchi

Basi ni bidhaa iliyofanya kazi ya farumi. Tugawane.

#26 Wambui wa Posta

Mimi niko na hadithi ya raia kuleta vyombo. Yale maua yamechanganyika sana, hakuna mawili yanayofanana. Yangekuwa ya meli moja yangefanana.

#27 Kaka wa Msamvu

Uzi wa pundamilia umekuwa wa sahani. Mimi bado niko kwa pundamilia. Huyo mfalme Rama wa Tatu ni yule aliyejenga mji 1767?

#28 Mwalimu Jiografia

Hapana. Mwaka 1767 ni Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, iliyoanguka mikononi mwa Waburma. Mfalme Taksin akaweka makao Thonburi, ng'ambo ya mto, ndiko iliko Wat Arun. Rama wa Kwanza ndiye aliyehamisha mji upande huu, mwaka 1782. Wenyewe hawauiti Bangkok, wanauita Krung Thep, mji wa malaika, na jina lote kamili likiandikwa hapa litajaza posti nzima.

#29 Mguu Niponye

Jamani kuna jambo limenipata, naandika ili mwingine asiingie. Asubuhi nilikuwa naelekea Jumba la Mfalme. Mwanamume mmoja nadhifu, kavaa kitambulisho shingoni, kanisimamisha: leo limefungwa, kuna ibada ya watawa, ila mimi nitakupa tuktuk ya bei rahisi ikuzungushe mahekalu mengine. Nikapanda. Hekalu moja, halafu duka la mawe. Nikatoka, duka la pili. Saa mbili zimekwenda, na dereva alikasirika niliposema sinunui, akaniacha mahali nisipopajua.

#30 Dalali wa Silom

Pole sana mkuu. Hii inaniuma kwa sababu inachafua kazi yetu. Jumba la Mfalme linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, na kiingilio ni baht 500. Mtu yeyote wa barabarani akikwambia pamefungwa, mshukuru, endelea kutembea mpaka kwenye lango lenyewe. Na jiwe usinunue mahali ulikopelekwa na dereva. Kamwe.

Ukiingia, mwangalie vizuri yule Buddha wanayemwita wa zumaridi. Ana sentimita 66 tu. Si zumaridi, ni jiwe jingine la kijani, ila jina limeshika. Mavazi yake hubadilishwa mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Halafu nenda kwa miguu mpaka Wat Traimit, mwanzo wa Yaowarat, mtaa wa Wachina. Yule ndiye dhahabu kweli, tani tano na nusu. Alikuwa amefunikwa plasta, watu hawajui. Mwaka 1955 wakati wa kumhamisha plasta ikapasuka. Kila safari naenda kumsalimia, namkumbuka yule aliyempaka plasta akaondoka na siri yake.

#31 Bin Shangani

Na mwenye kutafuta chakula cha halali ashuke Charoen Krung, uchochoro wa Msikiti wa Haroon. Kuna harufu ya biriani pale, utadhani Darajani. Ng'ambo ya mto uko msikiti wa Bang Luang, umejengwa kwa mtindo wa hekalu la Kithai, mweupe, mapambo ya maua juu ya mlango. Mara ya kwanza nilipita nikidhani nimepotea.

#32 Mguu Niponye

Nimeshiba maelekezo, asanteni. Sasa turudi kwa pundamilia. Leo jioni nimemuuliza muuza shada karibu na kituo, mama wa makamo, kwa msaada wa kijana anayejua Kiingereza. Alicheka kwanza. Akaonyesha shada lake la asmini: *malai*. Halafu akaonyesha pundamilia: *ma lai*. Akarudia mara tatu. Nilivyoelewa, asiyeweza kuleta shada jipya kila siku analeta *ma lai* asiyenyauka!

#33 Mwalimu Jiografia

Hii mpya kwangu, na imenifurahisha. Tahadhari moja: Kithai kina toni, maneno hayo mawili hayatamkwi sawa. Kwa sikio letu ni pacha, kwa sikio lao ni mzaha wa maneno. Lakini mzaha wa maneno umeshaanzisha desturi nyingi duniani.

#34 Dalali wa Silom

Huyo mama anauza mashada, mkuu. Ungemuuliza muuza sanamu angekwambia la sanamu. Nabaki kwenye kivuko.

#35 Shangazi Vitenge

Angemuuliza aliyeshinda bahati nasibu angekwambia nadhiri.

#36 Kipilipili Laikipia

Nimefika nikiwa nimechelewa. Picha uliyoweka nimeikuza. Hao si pundamilia jameni. Manyoya ya shingo yameanguka upande mmoja kama ya farasi, na ya pundamilia husimama wima kama burashi. Huku kwetu tuna wa aina mbili, wa kawaida na yule wa Grevy mwenye milia myembamba na tumbo jeupe. Hao wako hawana hata tumbo jeupe. Ni farasi waliopakwa rangi.

#37 Wambui wa Posta

KIPILIPILI ASANTE! Ni farasi! Si nilisema ni kipando cha mwenye ardhi? Fundi wa sanamu alikuwa na kalibu ya farasi, akaongeza milia.

#38 Dalali wa Silom

Kwa nini aongeze milia, Wambui? Milia ya nini, kama si ya kivuko?

#39 Mguu Niponye

Kesho ni siku yangu ya mwisho. Alfajiri nitafuata watawa wanapopita peku na bakuli zao, halafu nitaenda barabara ya Bamrung Mueang, kule wanakouza masanamu na ndoo za manjano za sadaka. Nitatafuta fundi mwenyewe, si muuzaji. Nitamuuliza kama ana kalibu moja au mbili.

#40 Kaka wa Msamvu

Na ukimkuta mwenye manyoya yaliyosimama wima, niletee mmoja. Nitamweka dirishani, basi likipita Mikumi awaone wenzake.